Kitabu kwa mtoto anayeogopa baiskeli

SWALI: Mwanangu wa miaka sita alianguka na baiskeli na sasa hataki hata kuigusa. Je, kuna kitabu cha picha kitakachomsaidia? – Mama wa Bigwa, Morogoro

JIBU: Pole, mama. Kipo, na kisa chake kinatokea hapahapa Tanzania: In a Cloud of Dust cha Alma Fullerton, kilichochorwa na Brian Deines na kutoka mwaka 2015. Anna anatembea mwendo mrefu kwenda shule. Lori linapoleta baiskeli, anakuta zimekwisha, lakini anabaki kuwasaidia wenzake kujifunza. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo msimulie kwa Kiswahili huku mkitazama picha. Usiharakishe kufunua kurasa. Muulize nani ameshika usukani, nani anaogopa.

Vitabu vingi vya ng'ambo huonyesha baiskeli ndogo yenye magurudumu ya pembeni. Watoto wetu wengi hujifunzia baiskeli ya baba, mguu mmoja umepenyezwa ndani ya fremu, chini ya bomba. Picha hiyo naitamani sana vitabuni! Mchoreeni wenyewe kwenye daftari, na ukurasa wa kuanguka usiuruke. Mtoto akiona mwenzake kachubuka goti kisha kainuka, hofu hupungua.

Siku akikubali, shusha siti nyayo zake zifike chini, fungua pedali, ajisukume kwa miguu. Msianzie kwenye mteremko wa Bigwa. Mpeleke uwanja tambarare, kama kule Kihonda, na breki uzijaribu mwenyewe kwanza.