Mavazi na Vifaa vya Kupandia Vilima Wakati wa Mvua, Upepo na Baridi: Somo kwa Kaya Zinazoishi Guangzhou

Utangulizi

Kupanda vilima ni zoezi jema kwa moyo, mapafu na viungo, na halihitaji gharama kubwa. Wakazi wa Xiaobei na Sanyuanli wana bahati ya kuwa karibu na Mlima Baiyun, ambao kilele chake, Moxingling, kina urefu wa mita 382. Kaskazini, wilayani Conghua, kipo Tiantangding chenye mita 1,210, kilele kirefu kuliko vyote katika jiji la Guangzhou.

Mtu aliyekulia mahali panapoonekana Kilimanjaro, wenye mita 5,895, aweza kuvidharau vilima hivi. Dharau hiyo ndiyo inayomfanya mtu atoke nyumbani na fulana ya pamba, suruali ya jinzi na kandambili, huku mawingu yakiwa yamekwisha kutanda. Somo hili linafundisha jambo moja kuu: mlimani, nguo haichaguliwi kwa jinsi inavyopasha joto ikiwa kavu, bali kwa jinsi inavyofanya kazi ikiwa imelowa.

Mwili hupoaje?

Joto la kawaida la mwili ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu ameingia katika hali iitwayo haipothemia, yaani kupoa kwa mwili kupita kiasi. Wengi hudhani kwamba hali hii hutokea penye theluji tu. Sivyo. Mambo matatu yakikutana, yaani maji, upepo na uchovu, mwili huweza kupoa hata pale ambapo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 10 au zaidi. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa iliyotulia. Upepo nao hupeperusha ile hewa vuguvugu inayozunguka ngozi.

Urefu wa mahali pia una sehemu yake. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Moxingling, basi, huweza kuwa na baridi zaidi ya mjini kwa nyuzi mbili hivi, na Tiantangding kwa nyuzi saba. Majira ya baridi ya Guangzhou kwa kawaida ni ya wastani, lakini mawimbi ya hewa baridi kutoka kaskazini hushusha joto ghafla. Tarehe 24 Januari 2016 hata chembe za theluji zilionekana jijini.

Mfano wa kuzingatiwa

Tarehe 22 Mei 2021, katika eneo la Baiyin, mkoani Gansu, kulifanyika mbio za mlimani za kilomita 100 zilizoshirikisha wakimbiaji 172. Wengi walianza wakiwa na kaptura na fulana nyepesi. Walipofika sehemu ya juu ya njia, hali ya hewa ilibadilika ghafla: mvua ya barafu, upepo mkali na baridi. Watu 21 walifariki dunia. Miongoni mwao walikuwamo wanariadha mashuhuri, wenye nguvu kuliko sisi tulio wengi. Koti la kuzuia upepo halikuwa miongoni mwa vifaa vya lazima katika mbio hizo.

Siku hiyohiyo mchungaji mmoja wa kondoo, aliyekuwa amejikinga pangoni, aliwaokoa wakimbiaji sita. Aliwawashia moto na kuwafunika kwa mablanketi, kwa sababu alikuwa na desturi ya kuweka akiba ya nguo na chakula katika pango lile. Wahenga wetu walilifupisha somo hili kwa maneno machache: tahadhari kabla ya hatari.

Mavazi ya tabaka tatu

Nguo moja nzito haifai, kwa kuwa ukipanda utatoka jasho na ukisimama utapoa. Vaa tabaka, uongeze na kupunguza kadiri ya hali.

1. Tabaka la ndani. Kazi yake ni kuondoa jasho kwenye ngozi. Chagua polyesta au sufu nyembamba. Jezi ya mpira wa miguu, ambayo karibu kila nyumba inayo, inafaa sana. Usivae pamba hapa: pamba hufyonza maji mengi, hukauka polepole, na ikishalowa hunyonya joto la mwili. Jinzi nayo ni pamba, tena nzito. Ikilowa huelemea miguu.

2. Tabaka la kati. Kazi yake ni kuhifadhi joto. Sweta la sufu au la polyesta yenye manyoya mafupi linafaa. Jaketi lililojazwa manyoya ya ndege hupasha joto vizuri likiwa kavu, lakini likilowa hujikunja na kupoteza kazi. Katika miezi ya joto tabaka hili hukaa mkobani.

3. Tabaka la nje. Kazi yake ni kuzuia mvua na upepo. Tafuta koti lenye kofia, zipu iliyofunikwa, na mishono iliyofungwa kwa utepe upande wa ndani. Lijaribu nyumbani: mimina kikombe cha maji begani na kwenye mshono, kisha ngoja dakika kumi. Upande wa ndani ukilowa, hilo ni koti la upepo, si la mvua.

Koti jembamba la nailoni la kutumia mara moja ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini hupasuka kwa upepo na kwa matawi. Mwavuli unafaa kwenye barabara za lami za Mlima Baiyun pasipo upepo wala radi. Kwenye ngazi zinazoteleza, mikono yote miwili inahitajika.

Kusoma lebo ya nguo

Nguo zinazouzwa madukani nchini China huwa na lebo ya Kichina inayotaja nyuzi zilizotumika. Hifadhi maneno haya katika simu, umwonyeshe muuzaji:

• 棉 (mian): pamba. Iepuke kwa tabaka la ndani.
• 聚酯纤维 (juzhi xianwei): polyesta. Inafaa.
• 羊毛 (yangmao): sufu. Inafaa.
• 羽绒 (yurong): manyoya ya ndege. Ni kwa siku kavu tu.
• 防水 (fangshui): haipitishi maji.
• 防泼水 (fangposhui): hufukuza matone machache, lakini haistahimili mvua kubwa.

Maneno mawili ya mwisho yanafanana kwa sura, na tofauti yake ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani mkavu au umelowa chapachapa.

Mavazi ya stara, khanga na mbeleko

Kuvaa kwa stara hakuzuii kuvaa kwa usalama. Suruali pana ya polyesta chini ya vazi refu linaloishia magotini huachia miguu nafasi ya kupanda. Baibui linaloburura hunasa kwenye ngazi na kubeba maji. Kwa hijabu, chagua kitambaa chepesi kinachokauka upesi, na uweke kingine kikavu mkobani.

Khanga na kitenge ni pamba, kwa hiyo havifai kuwa vazi la kutembelea mvuani. Hata hivyo, khanga kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni ni akiba ya thamani: hukausha mwili, hufunika kichwa, humviringisha mtoto na hufunga kiungo kilichoteguka.

Mama au baba anayembeba mtoto kwa mbeleko azingatie jambo hili. Mzazi anapanda, misuli yake inazalisha joto na anatoka jasho. Mtoto ametulia, hazalishi joto kama yeye. Mzazi anapoona joto, mtoto huenda anatetemeka. Mwongezee mtoto tabaka moja zaidi ya lako, mfunike kichwa na miguu, na kila baada ya dakika ishirini mguse kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa pa baridi, au nguo zake zimelowa, tafuteni kivuli cha mvua mara moja na kumbadilisha.

Viatu

Watu wengi huumia kwa kuteleza kuliko kwa baridi. Ngazi za mawe zikilowa na kuota kuvu huwa kama sabuni. Vaa viatu vilivyofungwa, vyenye soli ya mpira yenye meno ya kina, vinavyoshika kisigino. Ndala, kandambili na viatu vya soli iliyolika vibaki nyumbani. Soksi ziwe za sufu au polyesta, na jozi ya pili iwe mkobani.

Mkoba uwe na nini?

Kila mtu mzima abebe mkoba wake wa mgongoni, nao ndani uwekewe mfuko mkubwa wa nailoni ili vitu visilowe. Weka:

• koti la mvua, hata kama asubuhi ni ya jua;
• nguo moja kavu ya juu na soksi;
• maji ya kunywa, na katika siku za baridi chupa ya chai moto yenye sukari;
• tende, karanga au ndizi, kwani mwili wenye njaa hupoa upesi;
• simu iliyojaa chaji, betri ya akiba, na ramani iliyohifadhiwa bila kuhitaji intaneti;
• tochi, kwa kuwa ukungu na mawingu huleta giza mapema;
• filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ni wito wa msaada;
• mfuko mkubwa mzito wa taka, ambao ukitobolewa mahali pa uso huwa kinga ya mvua na upepo;
• bendeji, plasta na dawa ya kufukuza mbu;
• pasipoti au kibali cha ukaazi ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwani sheria humtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 au zaidi awe nacho.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na mwenye kisukari dawa zake na kitu kitamu. Mwenye ugonjwa wa selimundu awe mwangalifu kuliko wote: baridi, kulowa na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali. Siku ya mvua na upepo, ni heri afanye mazoezi ndani ya nyumba.

Mvua ya joto na radi

Tangu Aprili hadi Septemba, mvua za Guangzhou huja pamoja na joto, ngurumo na, mara nyingine, vimbunga. Wakati huo, koti lisilopitisha hewa huweza kumchemsha mvaaji. Fungua zipu, punguza mwendo, kunywa maji. Kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kuuma ni dalili za kuzidiwa na joto: pumzika mahali pa baridi. Mtu akichanganyikiwa na mwili ukiwaka, mpoze kwa maji na upige 120.

Hakuna vazi linalokinga radi. Ukisikia ngurumo, kunja mwavuli, shuka kutoka kileleni, uepuke mti uliosimama peke yake na vibanda vya kupumzikia vilivyo wazi. Ingia ndani ya jengo, na usirudi njiani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usivuke kijito kilichofurika.

Kabla ya kutoka, tazama ishara za tahadhari za hali ya hewa. Mkoani Guangdong, mvua kubwa huonyeshwa kwa njano, chungwa na nyekundu. Kimbunga huanzia nyeupe na buluu. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote. Ishara yoyote ya mvua kubwa, radi au kimbunga ikitolewa, ahirisha safari. Kilele hakihami, nanyi mtakwenda wiki ijayo.

Dalili za kupoa na huduma ya kwanza

Dalili za kwanza ni kutetemeka, vidole kufa ganzi, kujikwaa na kunung'unika au kunyamaza kusiko kwa kawaida. Mtu akiacha kutetemeka huku akiongea kama mlevi, hajapona. Hali yake imezidi kuwa mbaya.

1. Mtoe kwenye upepo na mvua.
2. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mvike kavu, mfunike kichwa.
3. Mkalishe juu ya mkoba au nguo, asiguse ardhi.
4. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe kabisa.
5. Usimsugue mikono wala miguu. Mshike kwa upole.
6. Piga 120 kwa gari la wagonjwa au 119 kwa waokoaji. Polisi ni 110. Taja jina la mlima na maandishi ya kibao cha njia kilicho karibu.

Maswali ya kujadili nyumbani

Kabla ya safari, kaya ikae pamoja na kujibu: Je, kila mmoja ana tabaka la ndani lisilo la pamba? Nani amejaribu koti lake kwa maji? Nguo kavu ya mtoto iko katika mkoba wa nani? Nani aliyebaki nyumbani anajua njia yetu na saa ya kurudi? Na ni saa ngapi tutageuka, hata kama kilele kinaonekana?

Swali la mwisho lijibiwe mkiwa nyumbani, miili ikiwa kavu na akili zikiwa zimetulia, kwa sababu mtu aliyepoa hapimi mambo vizuri. Saa hiyo ikifika, mkubwa wa msafara aseme neno moja tu, "Turudi," wala asiulizwe kwa nini.