Tulipe maji, na hoteli je?

SWALI: Zamani maji yalikuwa bure. Sasa tunadaiwa bili na mfereji hautoi, huku hoteli zina mabwawa ya kuogelea. Ni haki hii? – Mama wa watoto wanne, Ng'ambo.

JIBU: Bibie, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19, alipovuta maji ya chemchemi hadi mjini, watu hawakulipa, na mazoea hayo yalidumu. Lakini pampu hula umeme, na umeme hulipiwa. Tatizo ni nani anayelipa nini. Ada moja bila mita humbana anayekinga ndoo mbili alfajiri, na humpumzisha mwenye tangi la paa. Na mfereji ukikauka, unanunua madumu ya mkokoteni: unalipa mara mbili!

Utafiti wa shirika la Tourism Concern wa 2012, uliogusa vijiji vya pwani vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta mgeni akitumia maji takriban mara 16 ya mwenyeji. Hoteli nyingi zina visima vyao, na kwenye pwani ya mawe ya matumbawe ukivuta maji kupita kiasi, chumvi huingia hadi kisima cha jirani.

Kwa maoni yangu, mita zianzie kwenye visima vya hoteli. Nawe hifadhi risiti zako, uziwasilishe Mamlaka ya Maji (ZAWA) kupitia sheha wako.