Wanaotaka Kuasili Mtoto Wajitambulishe kwa Nani?

Wenzi waliokaa miaka mingi bila mtoto wanasikia kwa jirani kwamba katika kijiji cha pili kuna msichana mwenye mimba ya miezi saba, hana kazi, na aliyempa mimba ametoweka. Wanafunga unga, sukari na leso mbili, wanakwenda kujitambulisha. Mazungumzo yanakuwa mazuri. Wao wanaahidi kulipia kliniki na chakula mpaka siku ya kujifungua, naye anaahidi kuwapa mtoto. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Hata hivyo, pande zote mbili zimeingia njia ambayo mwisho wake unaweza kuwa kituo cha polisi, na mtoto kupelekwa katika makao ya watoto huku kesi ikiendelea.

Swali la namna ya kujitambulisha kwa mama mjamzito huulizwa mara nyingi, na sehemu ya sababu ni filamu na video za kutoka Marekani. Huko ni jambo la kawaida kwa wanaotaka kuasili kutayarisha barua na albamu ya picha, na mwenye mimba huchagua familia anayoipenda kabla hajajifungua. Kenya haina utaratibu huo. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mipango ya kuasili haianzi kabla mtoto hajafikisha wiki sita tangu kuzaliwa, na ni lazima kwanza atangazwe rasmi kuwa huru kuasiliwa. Mipango yenyewe hufanywa kupitia shirika la kuasili watoto lililosajiliwa. Haifanywi na jirani, mkunga, muuguzi, wala mhubiri.

Wiki hizo sita ni za mama. Mwanamke anayesema akiwa na mimba kwamba hataki mtoto huenda anasema kweli, na huenda anasema njaa, aibu au hofu ya baba yake. Akishajifungua, akanyonyesha, na shangazi mmoja akajitokeza kusema mtoto alelewe nyumbani, neno lake linaweza kubadilika. Ndiyo maana ahadi aliyoitoa kabla ya kujifungua haihesabiwi kuwa ridhaa. Sasa fikiria amekula chakula cha watu kwa miezi miwili na kodi ya chumba wamelipa wao. Atapata wapi nguvu ya kukataa? Msaada uliotolewa kwa huruma unageuka kuwa deni, na mbele ya mahakama unaweza kuonekana kama bei. Kumlipa mzazi ili atoe mtoto wake ni kosa, na anayehusika anaweza pia kujikuta akijibu mashtaka chini ya Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010.

Liko jambo jingine linalofanyika kimyakimya: mwenye mimba kuandikishwa wodini kwa kitambulisho cha mwanamke anayemtaka mtoto, ili taarifa ya kuzaliwa itoke kwa jina la huyo wa pili. Wahusika huliona kama njia ya mkato tu. Ni udanganyifu katika usajili wa vizazi, na anayebeba mzigo wake kwa muda mrefu zaidi ni mtoto. Siku ukweli utakapojulikana, pengine katika ugomvi wa urithi, hatakuwa na hati yoyote ya mahakama ya kumlinda. Mtoto aliyeasiliwa kihalali ana haki sawa na aliyezaliwa katika familia hiyo, na huandikwa katika daftari maalumu la Msajili Mkuu.

Kujitambulisha, basi, hufanyika kwa shirika la kuasili. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kueleza ni mashirika gani yamesajiliwa. Kwa jumla, mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe hajafikisha miaka 65, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Kwa kawaida shirika huomba barua ya kueleza sababu za kutaka kuasili, pamoja na nakala za vitambulisho, cheti cha ndoa kwa waliooana, cheti cha tabia njema kutoka polisi, ripoti ya daktari na uthibitisho wa mapato.

Barua hiyo huwasumbua wengi kuliko vyeti. Wapo wanaoijaza sifa: nyumba kubwa, gari, shule ya kulipia. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii atakayekuja kuitembelea nyumba anatafuta mambo mengine. Nani atabaki na mtoto siku za kazi? Watoto waliomo nyumbani wameambiwa? Nyanya mwenye boma anasemaje kuhusu mtoto asiye wa damu yake? Kama walipoteza mimba, wamelizungumza jambo hilo wao wawili, au mtoto anatafutwa ili kuziba kidonda? Familia inayoishi katika vyumba viwili vya kupanga na kujibu maswali haya bila kuficha ina mengi ya kuonyesha. Anayeficha ugonjwa au ndoa ya awali hujiharibia, kwa kuwa hayo hujitokeza baadaye katika ripoti zinazopelekwa mahakamani.

Mtoto akishakabidhiwa, hukaa na waombaji kwa angalau miezi mitatu mfululizo kabla ombi halijafikishwa mahakamani. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, na kesi husikizwa faraghani.

Na yule msichana wa kijiji cha pili? Kumwonea huruma si kosa, wala kumpelekea unga. Kinachofaa ni kumwelekeza kliniki ya wajawazito katika zahanati au hospitali ya kaunti, na kwa afisa wa watoto, bila kuweka sharti lolote juu ya mimba yake. Akiwa chini ya miaka 18, yeye mwenyewe ni mtoto mbele ya sheria na anastahili ulinzi. Baba wa mtoto naye, akijulikana, ana wajibu: Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa wazazi wote wawili jukumu sawa la malezi, wawe wameoana au la. Mama akifikia uamuzi wa kutoa ridhaa wakati ukiwadia, anaweza kuitoa bila kujua majina ya waombaji, na anaweza kueleza angependa mtoto alelewe katika dini gani.

Kwa Waislamu, sheria ya 2022 inatambua kafala, ambapo mtoto hulelewa katika familia bila kubadilishwa nasaba yake. Afisa wa watoto hulishughulikia hilo pia.

Ofisi za watoto za kaunti ndogo hufunguliwa siku za kazi. Mwenye mimba aliye katika shida, au mtu anayeshuku kwamba mtoto anauzwa, anaweza kupiga simu 116 bila malipo, mchana au usiku.