Mkwaruzo wa Paka Usidharauliwe

Apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, tangu Ngome ya Yesu mpaka bandari ya majahazi, hakosi kuwaona paka. Mchana hulala barazani au hungoja matumbo ya samaki. Usiku huwinda panya. Kwa kazi hiyo wana faida kubwa, wala somo hili halikusudii kuwafanya wachukiwe. Lakini yafaa kila mwenye nyumba ajue maradhi yawezayo kumpata mtu kwa meno na kucha zao. Ni kweli kwamba kwa Waislamu paka si najisi. Lakini twahara ni jambo moja, na vijidudu ni jambo jingine.

MENO. Jino la paka ni jembamba na kali mfano wa sindano. Huingia ndani sana, kisha ngozi hujifunga juu yake. Jeraha huonekana dogo, kumbe bakteria wamekwisha pandwa chini. Aliye mashuhuri huitwa pasterela, naye hukaa katika vinywa vya paka wengi wenye afya. Mara nyingi, kabla ya siku moja kupita, mahali palipoumwa huvimba, huwa pekundu na kuuma sana. Mkononi hatari huzidi, kwa kuwa kano na viungo vya vidole viko karibu na ngozi. Mvuvi au fundi akichelewa, huenda vidole vyake visikunjike tena kama zamani.

KUCHA. Ugonjwa wa mkwaruzo wa paka ulielezwa na Daktari Robert Debré wa Paris mwaka 1950. Huletwa na bakteria aitwaye batonela, ambaye viroboto humweneza baina ya paka. Mavi ya kiroboto hunasa katika kucha paka ajikunapo, naye akimkwaruza mtu, bakteria huingia. Paka mwenyewe, hasa aliye mchanga, aweza kuonekana mzima kabisa. Baada ya siku 3 hata 10 hutokea kipele. Baadaye tezi za kwapani au shingoni huvimba, pamoja na homa na uchovu. Wengi hupona wenyewe, lakini wenye kinga dhaifu, kama baadhi ya waishio na virusi vya UKIMWI, huweza kuugua sana.

Basi fanya hivi:

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo, muda wa dakika 15. Usitie majivu.

2. Ukiumwa, nenda hospitali siku iyo hiyo. Daktari ataamua kama wahitaji dawa ya bakteria, sindano ya pepopunda, au chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa hiki huletwa na virusi, si bakteria, lakini paka pia huweza kukiambukiza. Na dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

3. Mwenye kisukari asingoje hata kidogo.

4. Paka asilambe kidonda cha mtu.

5. Ondoa viroboto kwa dawa ya paka. Usitumie ya mbwa, maana nyingine humwua paka.

6. Wafundishe watoto wasimvute paka mkia, wala wasimguse alapo au anyonyeshapo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sabuni na maji ya leo huokoa mkono wa kesho.