Barua pepe inakataa paswadi? Okoa stetimenti zako kwanza

Tuseme una hadiwea. Kila mwezi unaomba stetimenti ya tili yako ije kwa barua pepe, na barua hizo zinaingia kwenye ile kompyuta ya kaunta, ndani ya Outlook Express iliyokuja na Windows XP. Siku moja programu inauliza paswadi. Unaandika. Inauliza tena. Unaandika polepole, herufi moja moja, na bado inakataa. Na benki inataka stetimenti za mwaka mzima ndio ifikirie mkopo wako.

Huenda paswadi yako haina shida yoyote. Programu za zamani zilituma jina na paswadi kwa seva kila zilipoenda kuangalia barua, na mtu akiinasa hiyo paswadi mara moja tu, ameingia. Siku hizi unathibitisha ni wewe kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe ya barua pepe, kisha programu inapewa ruhusa ya kusoma barua bila kuijua paswadi. Njia hii inaitwa OAuth 2.0. Google ilianza kufungia programu za zamani kwenye akaunti za kawaida za Gmail Mei 2022. Microsoft ikafuata Oktoba 2022 kwa akaunti za ofisi, kisha Septemba 2024 kwa Hotmail na Outlook.com. Outlook Express haiijui njia hii mpya, na hakuna anayeitengeneza tena.

Sasa, fundi akikuambia "wacha tufomati hii mashine", mwambie angoje. Wengi waliweka programu hizo kwa mtindo wa POP3, ambapo barua hushushwa kwenye kompyuta na mara nyingi kufutwa kule kwa seva. Maana yake barua za miaka ya nyuma huenda ziko kwenye mashine hiyo peke yake. Stetimenti unaweza kuomba tena. Risiti na invoisi za wanaokuuzia mali, je? Na KRA inataka utunze rekodi za biashara kwa miaka 5.

Habari njema ni kwamba barua zilizoshushwa zinafunguka hata bila intaneti. Tengeneza folda kwenye deskitopu, chagua barua ndani ya Outlook Express, uziburute hadi kwenye folda hiyo. Kila barua itakuwa faili ya .eml, pamoja na PDF iliyoambatishwa. Nakili folda kwenye flashi. Fungua faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Halafu weka programu mpya, kwa mfano Thunderbird, ambayo ni ya bure, na uchague IMAP ili barua zibaki kwa seva na uzione hata kwa simu. Hizo .eml unaziburuta ndani yake.

Matapeli nao wanajua watu wanahama. Ukipata ujumbe kwamba "akaunti yako inaboreshwa, weka PIN hapa", futa. PIN ya pesa haihusiani kabisa na barua pepe, na sisi hatutakuuliza PIN yako, iwe kwa barua, SMS au simu.

Ukishahama, omba stetimenti ya mwezi mmoja na uifungue siku hiyo hiyo. Kama haijafika, angalia folda ya spamu, kisha hakikisha anwani uliyoandikisha kwetu si ile uliyoacha kutumia.