Dondoo muhimu: Bustani ya Mama Ngina, hatua chache kutoka Feri

Ukishuka Feri ya Likoni upande wa kisiwa cha Mombasa, usikimbilie matatu za mjini. Bustani ya Mama Ngina iko karibu, na miguu inatosha.

1. Nenda alasiri, jua likishapunga. Saa sita mchana, kivuli ni cha mibuyu tu, na kila mtu anakigombania.
2. Ndani ya feri, simu ikae mfukoni. Picha haziruhusiwi.
3. Tafuta magofu ya St Joseph, kingome cha Wareno cha kulinda mlango wa bahari. Wengi huyapita wakifuata mihogo. Usiyapande, mawe yamechoka.
4. Usiogelee chini ya majabali. Maji yana kina, mkondo una nguvu, na meli za Kilindini hupita hapo hapo.
5. Madafu na krispi za mihogo: uliza bei kwanza, pilipili baadaye. Beba pesa ndogo ndogo.
6. Jumapili jioni hujaa pomoni. Shika watoto mkono, na mkoba uuvute mbele.
7. Vita vikubwa vya Wareno hao wa St Joseph vilipiganwa kwenye ngome yao kuu, Fort Jesus, kwa hivyo panda tuktuk uende, asubuhi ya siku nyingine ukiweza. Humo Sultani Yusuf bin Hassan aliwaasi Wareno mwaka 1631, na humo Waomani waliwazingira kuanzia 1696 hadi 1698. Kiingilio kipo, mwenyeji aje na kitambulisho.
8. Msimu wa kusi, vaa kofia yenye kamba.