Seli zinazojua kukoma

Unapompeleka mwanao kliniki akiwa na miezi 9, hudungwa chanjo ya surua na rubela. Je, virusi vya chanjo hukuzwa wapi? Haviwezi kuzaana vyenyewe; sharti viingie ndani ya seli hai.

Zamani virusi vya polio vilikuzwa katika figo za tumbili. Mwaka wa 1960 ikagunduliwa kwamba figo hizo zilibeba kirusi kingine, SV40, ambacho kilikuwa kimeingia katika chanjo.

Leonard Hayflick, wa taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani, aligeukia seli za binadamu. Alizikuza kwa chupa. Chupa ikijaa, anazigawa katika mbili. Wataalamu waliamini kwamba seli zikitunzwa vyema hazifi. Zake zilikoma baada ya kugawanyika mara 50 hivi. Jarida moja lilikataa ripoti yake. Jingine likaichapisha mwaka wa 1961. Nawe ushukuru zilikoma, maana seli isiyojua kukoma ndiyo ya saratani.

Mwaka wa 1962 alikuza seli za WI-38 kutoka mapafu ya kijusi cha mimba iliyotolewa kisheria nchini Sweden, jambo linalowatatiza waumini wengi hadi leo. Aligandisha mamia ya vichupa. Seli hizo zikiyeyushwa, hata baada ya miaka mingi, huendelea kuhesabu pale zilipoachia, kwa hivyo hahitajiki kijusi kipya.

Ndani ya seli hizo ndimo virusi vya rubela vilimodhoofishwa kuwa chanjo. Mama akiambukizwa rubela mimba ikiwa changa, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi au na kasoro ya moyo.

Kenya ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka wa 2016. Tazama kijitabu cha kliniki: dozi ya pili ni miezi 18.